Marie Lafarge na Sumu ya Glandier

Kwetu pwani posa ikiletwa, wazee hawatoi jibu siku hiyo hiyo. Hutumwa mtu mzima kwanza akaichungue nyumba ya muoaji: kazi yake nini, anadaiwa na nani, mamake ni mtu wa tabia gani. Niliposoma habari za Marie Lafarge, yule bibi wa Kifaransa aliyehukumiwa mwaka 1840 kwa kumpa mumewe sumu, nilijiuliza tangu mwanzo ilikuwaje asipatikane hata mtu mmoja wa kwenda kuchungua.

Marie Capelle, ndilo jina alilozaliwa nalo, alizaliwa Paris mwaka 1816. Babake, afisa wa jeshi, alikufa katika ajali ya mawindo Marie akiwa mtoto wa miaka 12, na mama naye akafariki miaka michache baadaye. Binti akalelewa na mama mdogo, ambaye mumewe alikuwa mkubwa katika Benki ya Ufaransa. Basi akakua miongoni mwa matajiri, akazoea mavazi, vitabu na piano, na huku mali yake mwenyewe si kubwa. Alipofika miaka 23 jamaa waliona amechelewa, wakamwendea dalali wa ndoa kwa siri.

Msomaji aelewe kwamba huko na zama hizo mali ya ndoa haikutoka kwa mume kama mahari yetu. Mwanamke ndiye aliyekuja nayo, na mume akaishika. Aliyepatikana ni Charles Lafarge, mfua chuma wa Glandier katika jimbo la Corrèze, mjane wa miaka 28, aliyejisifu kuwa na jumba la fahari na kiwanda. Hakusema kwamba kiwanda kilikuwa kinamfia mikononi na madeni yamemfika shingoni. Walioana Agosti 1839 baada ya kujuana muda mfupi tu.

Jumba alilosifiwa lilikuwa makao ya kale ya watawa, yamechakaa, yana unyevu, na panya wakipita watakavyo. Mlangoni alipokewa na mavyaa na wifi, watu wa shamba wasiomjua wala yeye hawajui. Usiku wa kwanza Marie alijifungia chumbani akamwandikia mumewe barua, akimwomba amwachilie aende zake, la sivyo atakula aseniki. Ilikuwa barua ya bibi harusi aliyedanganywa, lakini baadaye ilisomwa kwa jicho jingine. Mume alimbembeleza, akaahidi kuitengeneza nyumba na kutomlazimisha unyumba mpaka hapo. Marie akatulia, au akaonyesha kutulia.

Desemba Charles alikwenda Paris kutafuta mkopo na hati ya kulinda ufundi wake mpya wa kufua chuma. Kabla ya safari mume na mke waliandikiana wasia, kila mmoja akimrithisha mwenzake. Ila Charles aliandika wa pili kwa siri, akamwachia mamake mali yote. Huko Paris akapokea keki kutoka kwa mkewe, akaila, akashikwa na kutapika. Alirudi nyumbani mapema Januari 1840 akiwa mgonjwa, na ugonjwa ukazidi. Marie alimuuguza kwa mkono wake. Siku hizo hizo aliagiza aseniki dukani, akisema ni ya panya. Mwanamke mmoja aliyekaa nyumbani mle alimwona akitia unga mweupe katika kinywaji cha mgonjwa cha maziwa na yai. Marie alisema si kitu cha kudhuru. Mavyaa alipopata habari alimsihi mwanawe asinywe tena chochote kitokacho mkononi mwa mkewe. Charles alikufa tarehe 14, na siku ya pili yake hakimu kutoka Brive akafika nyumbani.

Hapa ndipo kisa kinapotoka jikoni kuingia katika elimu. Aseniki, ambayo Waarabu waliijua tangu kale kwa jina la zarnikh, ilipendwa na wauaji kwa sababu haina ladha wala harufu ya kumshtua mnywaji, na dalili zake zafanana na za kipindupindu. Lakini mwaka 1836 Mwingereza James Marsh alitangaza njia ya kuifichua. Hutwaliwa kitu kinachoshukiwa, kikachanganywa na tindikali na zinki, ile inayopakwa mabati. Hutoka hewa, nayo huwashwa moto. Ukiuwekea moto ule sahani baridi ya kaure, aseniki ikiwamo itaacha doa jeusi linalong'aa kama kioo.

Waganga wa Brive hawakuitumia njia hiyo. Walifuata ya zamani, chupa ikawapasukia, na bado wakasema sumu ipo. Kesi ilipofunguliwa Tulle mwezi Septemba, wakili wa Marie aliwaumbua. Wataalamu wengine wakapima tumbo la maiti kwa njia ya Marsh, wasione kitu. Kaburi likafukuliwa, jambo ambalo kwetu ni zito na hata kwao halikuwa jepesi, wakapima tena: mwilini hakuna. Watetezi wa Marie wakashangilia mapema, maana katika kile kinywaji cha maziwa aseniki ilikuwa tele, na dawa ya panya iliyopatikana nyumbani ilikuwa magadi matupu. Sasa aseniki aliyoinunua ilikwenda wapi?

Mahakama ikamwita kutoka Paris Mathieu Orfila, mzaliwa wa Menorca, mkuu wa kitivo cha utabibu, mtu aliyeandika kitabu kikubwa cha sumu kabla hata Marsh hajajulikana. Alifanya kazi usiku, milango imefungwa, na wataalamu wa kwanza wakishuhudia. Kesho yake alitamka kwamba aseniki imo mwilini, wala haikutoka katika dawa za kupimia wala katika udongo wa kaburi.

Tarehe 19 Septemba Marie alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu, kisha Mfalme Louis-Philippe akamwondolea kazi ngumu. Raspail, mwanakemia aliyeitwa na upande wa utetezi kumpinga Orfila, alifika Tulle saa chache baada ya hukumu. Yeye alishikilia mpaka mwisho kwamba kiasi kidogo namna ile hupatikana popote, hata katika kiti cha hakimu.

Kwa rai yangu, aliyemfunga Marie kwa haki ni kinywaji na magadi, wala si sahani ya Orfila. Bwana huyo muda mchache kabla ya hapo alikuwa amefundisha kwamba mifupa ya kila binadamu ina aseniki kidogo ya maumbile, na haukupita muda kauli hiyo ikabatilika. Mtu wa namna hiyo kauli yake huchukuliwa kwa hadhari. Lakini wazee wa baraza hawakuwa na kipimo kingine ila jina lake, na Ufaransa nzima iligawanyika nyumba kwa nyumba, huku wakisema kaua, huku wakisema kaonewa na wakwe.

Marie alifungwa Montpellier, akaandika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1841, na hakukiri kamwe. Kifua kikuu kilimla humo gerezani. Louis Napoleon alimwachilia mwaka 1852, akaenda kutafuta nafuu katika chemchemi za Ussat, chini ya milima ya Pyrenees, akafa Novemba ya mwaka huo huo, umri wake miaka 36. Miezi minne baadaye, Machi 1853, Orfila naye akafariki Paris.