Lavoisier na Moshi wa Gobore

Ikiwa unaishi karibu na mdomo wa mto Ruvuma, au katika vijiji vya pwani kama Msimbati, bila shaka umekwisha kusikia habari za gobore. Gobore ni bunduki ya zamani inayoshindiliwa kwa mbele. Mpigaji humimina baruti katika mdomo wa mtutu, hutia kitambaa na kukishindilia kwa mdeki, kisha hutia risasi au marisau. Fataki ikigongwa, cheche hupenya katika tundu dogo na baruti huwaka yote kwa mara moja. Mlio wake husikika mbali, na nguruwe waliokuja kula mihogo hutawanyika. Lakini wingu zito la moshi mweupe humfunika mpigaji hata asiweze kuona kama amepata shabaha au amekosa. Akiisha kupiga mara kadhaa, masizi hujaa mtutuni, na mdeki haushuki tena kwa urahisi mpaka mtutu uoshwe.

Kwa nini baruti hutoa moshi mwingi namna hii? Je, mtu aweza kupata unga mwingine wa kutumia badala yake, unaowaka kwa usafi au kwa nguvu zaidi? Maswali ya namna hii yaliingia katika maisha ya Mfaransa mmoja zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Jina lake ni Antoine Lavoisier. Huenda umekwisha kulisoma jina hilo katika somo la hewa, kwa maana ni yeye aliyeipa oksijeni jina lake. Wachache hukumbuka kwamba mtaalamu huyo alikuwa pia mmoja wa wakuu wa viwanda vya baruti vya nchi yake.

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti, 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alifariki Antoine angali mtoto wa miaka mitano, akalelewa na dada ya mama yake. Alisomea sheria kama baba yake na akafaulu, lakini moyo wake ulikuwa katika kemia. Mwaka 1768, alipokuwa na umri wa miaka 24, alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Sayansi cha Paris, baraza la wataalamu wakubwa kabisa wa nchi.

Mwaka huo huo alifanya jambo jingine, nawe ulikumbuke. Alinunua hisa katika chama cha matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Chama hicho kilitoza kodi ya chumvi na ya tumbaku, nacho kilichukiwa sana na wanyonge. Lavoisier alitumia sehemu kubwa ya mapato yake kununulia vyombo vya kufanyia majaribio, lakini fedha ile ilitoka katika mifuko ya walalahoi.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mwenzake katika chama kile. Binti huyo alikuwa na miaka 13 tu, umri ambao msichana yampasa awe darasani kama wewe ulivyo sasa. Marie-Anne alikuwa na akili nyingi. Alijifunza Kiingereza ili amsomee mumewe maandishi ya wataalamu wa Uingereza, na michoro ya vyombo iliyomo katika kitabu kikuu cha Lavoisier ni kazi ya mkono wake.

Sasa tuje kwenye baruti. Baruti ya gobore ni mchanganyiko wa vitu vitatu: makaa ya mti, salfa ambayo wazee huiita kiberiti, na shura. Shura ni chumvi nyeupe inayojitokeza mahali ambapo samadi na mkojo wa wanyama vimeoza kwa muda mrefu pamoja na udongo, kama vile katika kuta za mazizi ya zamani. Makaa na salfa vilipatikana kwa wingi Ufaransa. Shura ilikuwa shida. Katika vita vya mwaka 1756 hadi 1763, manowari za Waingereza zilizuia shura iliyotoka Bara Hindi, na Wafaransa wakapungukiwa na baruti. Nchini mwao, wachimbaji wa shura walikuwa na ruhusa ya mfalme kuingia katika nyumba na mazizi ya watu na kuchimba sakafu wapendavyo.

Mwaka 1775 serikali iliunda halmashauri mpya ya kusimamia baruti, na Lavoisier akawa mmoja wa wakuu wake wanne. Alihamia katika ghala kuu la silaha la Paris, akajenga humo maabara yake, na watu wakaacha kuchimbiwa nyumba zao kwa nguvu. Alifundisha namna ya kutengeneza shura kwa kulundika udongo na samadi, na namna ya kuisafisha ili isibakiwe na chumvi ya kawaida, kwa kuwa chumvi ya kawaida huvuta unyevu na kuiharibu baruti. Kila kitu alikipima kwa mizani. Baada ya miaka michache baruti ya Ufaransa ikawa miongoni mwa zilizo bora katika Ulaya, na nyingine ilivuka bahari kuwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigana wajitoe katika utawala wa Uingereza.

Lakini meli za Ufaransa zilifika na huku kwetu. Mwaka 1776, mwaka mmoja tu baada ya Lavoisier kushika kazi ile, mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu waliouzwa Kilwa walitoka bara ya kusini, nchi zilizo nyuma ya pwani hii ya Lindi na Mtwara. Bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa bidhaa walizobadilishwa nazo.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba kitu kinapoungua hutokwa na kitu fulani cha siri kilichomo ndani yake. Lavoisier hakuridhika, kwa sababu mizani yake ilimwonyesha kwamba salfa ikiungua, vitu vinavyopatikana huwa vizito kuliko salfa yenyewe. Itawezekanaje kitu kipungukiwe na kitu halafu kiongezeke uzito? Mwezi Oktoba 1774, mtaalamu wa Kiingereza Joseph Priestley alifika Paris akamsimulia juu ya hewa ya ajabu aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Mshumaa uliwaka ndani ya hewa hiyo kwa mwanga mkali kupita kiasi. Lavoisier naye alipasha zebaki moto kwa siku 12 ndani ya chombo kilichofungwa. Unga mwekundu ulitokea juu ya zebaki, na hewa iliyomo chomboni ikapungua. Alipoupasha moto ule unga mwekundu, hewa iliyopotea ikarudi. Hiyo ndiyo aliyoiita oksijeni. Kuungua, kumbe, ni kitu kuungana na oksijeni.

Mbele ya mwalimu wako, washa mshumaa na uufunike kwa bilauri. Baada ya muda mfupi utazimika, kwa kuwa haupati tena oksijeni ya kutosha. Hebu basi fikiri: mtutu wa gobore umeshindiliwa kitambaa na risasi, na hewa iliyomo ndani ni kidogo mno. Mbona baruti huwaka humo? Ni kwa sababu shura imebeba oksijeni yake yenyewe. Ikipata moto huiachilia, na makaa na salfa huungua kwayo kwa ghafula. Gesi zinazotokea, kama kabonidayoksaidi na naitrojeni, hupanuka kwa nguvu na kuisukuma risasi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi kabisa. Hugeuka kuwa chembe ngumu za chumvi za potasiamu. Chembe zinazorushwa nje ndizo moshi ule mweupe, na zinazobaki ndizo masizi ya mtutuni. Masizi hayo huvuta unyevu, na katika hewa ya pwani yetu chuma hushika kutu mara moja kama hakikuoshwa kwa maji ya moto, kikakaushwa na kupakwa mafuta. Gesi asilia ya Mnazi Bay, inayotumika kuzalisha umeme Mtwara, ikiungua vema hutoa mvuke wa maji na kabonidayoksaidi tu. Ndiyo maana haiachi masizi.

Mwenzake Lavoisier, Claude Berthollet, alikuwa amegundua chumvi mpya iitwayo klorati ya potasiamu. Nayo hubeba oksijeni, tena huiachilia kwa wepesi kuliko shura. Berthollet aliona kwamba ikitiwa mahali pa shura italeta baruti yenye nguvu zaidi, na nchi haitaitegemea tena shura. Basi jaribio likapangwa katika kiwanda cha Essonne, kusini ya Paris, tarehe 27 Oktoba, 1788. Lavoisier alikuwapo pamoja na mkewe, na Berthollet, na msimamizi wa kiwanda, na wageni wengine. Mchanganyiko ulitwangwa katika kinu kwa michi iliyoendeshwa na mtambo, na ukuta wa mbao ukawekwa kuwakinga watu.

Kazi ilianza asubuhi na mapema. Baada ya muda walikwenda kula kifungua kinywa, wakarudi kutazama. Kisha Lavoisier na wenzake waligeukia upande mwingine wa kiwanda, na msimamizi pamoja na msichana mmoja mgeni wakawa karibu na kinu. Dakika chache baadaye ulisikika mlipuko mkubwa. Kinu kilivunjika vipande vipande, na wale wawili wakauawa. Kama Marie-Anne na mumewe wangekawia pale kidogo tu, yumkini habari zao zingeishia hapo.

Sababu yake twaijua leo. Klorati ikichanganywa na salfa hulipuka kwa kusuguliwa au kugongwa tu, bila moto. Shura haifanyi hivyo. Kila siku jikoni unaona jambo hilo kwa kiasi kidogo kabisa, maana klorati imo katika kichwa cha njiti ya kibiriti, na ukiisugua njiti huwaka. Kwa hiyo usithubutu kamwe kuchanganya unga wa namna hii.

Wengine waliendelea kutafuta. Mwaka 1884 Mfaransa mwingine, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyo na moshi. Ilikuwa na faida kubwa katika vita. Mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani nchini mwetu bado walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi, na kila walipopiga, wingu liliwaonyesha maadui mahali walipojificha. Lakini baruti ya Vieille haifai kwa gobore hata kidogo. Msukumo wa gesi zake ni mkubwa mno, nao hupasua mtutu usoni pa mpigaji. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walitengeneza unga mbadala kwa ajili ya bunduki za kushindilia. Ndani yake imo perklorati ya potasiamu, ndugu mtulivu wa klorati ya Berthollet. Unga huo huacha masizi machache kuliko baruti ya kale. Hata hivyo hukawia kushika moto, kwa hiyo hufaa gobore la fataki kuliko gumegume la jiwe. Tena chumvi unazoziacha hula chuma kama chumvi ya bahari, basi kuosha mtutu hakukwepeki. Mwenye gobore halali, aliyepewa kibali na serikali, hana budi kuyapima hayo yote kabla ya kuchagua.

Mwezi Julai 1789 watu wa Paris waliasi utawala wa mfalme. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti, waliona mapipa ya baruti yakipakiwa katika chombo mtoni na kutolewa katika ghala la Lavoisier. Umati ulidhani anawapelekea maadui, ukamkamata na kutaka kumwua. Ukweli ulikuwa huu: mapipa yale yalikuwa na baruti duni iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ya pwani za Afrika, pale watu waliponunuliwa kama bidhaa. Ilikuwa ikiondolewa ili kupata nafasi ya baruti njema ya askari. Lavoisier alijieleza, akaokoka kwa shida. Lakini wewe unayesoma haya ukiwa Mtwara, tazama lile ambalo umati ule haukuulizia. Baruti safi iliwekwa Ulaya. Ile chafu, yenye moshi na masizi mengi, ndiyo iliyoonekana kuwatosha Waafrika.

Chama cha watoza kodi kilikuwa bado hakijasahauliwa. Mwisho wa mwaka 1793 wanachama wake walikamatwa, naye Lavoisier akiwamo. Tarehe 8 Mei, 1794, watu 28 walihukumiwa na kukatwa vichwa siku ile ile, yeye pamoja na baba mkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50. Marie-Anne alifiwa na baba na mume kwa siku moja, akanyang'anywa mali, na yeye mwenyewe akatiwa gerezani kwa muda. Alipotoka alikusanya maandishi ya mumewe, na mwaka 1805 akayatoa kuwa kitabu. Mizani za Lavoisier zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Paris.