Ibn Nafis na Milango ya Moyo



Tulikwenda Kericho kuwazuru jamaa, tukapata khabari kuwa mtoto wao mmoja amelazwa hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet. Tukashika njia ipitayo katikati ya mashamba ya chai mpaka tukafika. Tukamkuta mtoto amekaa kitandani, kwani akilala chali pumzi humwisha. Miezi mingi ilikuwa imepotea kwa kumzungusha kwa waganga na kumfunga hirizi. Daktari ndiye aliyebainisha kuwa mlango mmoja wa moyo wake umeharibika. Mama yake akatuuliza kama ni kweli moyo una milango. Tulimjibu kwa kadiri tulivyoweza; na leo tumeona tuwajibu wasomaji wetu wote kwa kuwasimulia maisha ya mtu aliyeufikiri moyo kuliko watu wote wa zama zake, naye alikuwa Shafii kama sisi.

Mtu huyo ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm Al-Qarshi, maarufu kwa jina la Ibn Nafis. Alizaliwa Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasomea utabibu Damascus kwa mwalimu mashuhuri Ad-Dakhwar, katika hospitali iliyojengwa na Sultani Nuruddin. Kisha akahamia Misri, akakaa Kairo mpaka mwisho wa umri wake, akawa mkubwa wa matabibu. Wala utabibu haukumtenga na dini: alisomesha fiqhi katika Madrasa Masruriyya ya mji huo. Hakuoa, siku zake zote zilikwenda katika kutibu, kusomesha na kuandika. Husimuliwa kuwa siku moja alikuwa hamamuni akioga, ikamjia fikira juu ya mapigo ya mshipa. Akatoka kabla ya kumaliza, akataka wino na karatasi, akaandika risala nzima, ndipo akarudi kumaliza kuoga kwake.

Sasa tulitazame jambo lililomtukuza. Zaidi ya miaka 1,000 matabibu wote walimfuata Jalinus, Myunani, aliyesema kuwa ukuta unaotenga upande wa kulia wa moyo na upande wa kushoto una vitundu visivyoonekana, na kuwa damu hupenya humo. Hata Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake, aliifuata kauli hiyo. Ibn Nafis aliisherehesha sehemu ya tashrihi katika kitabu cha Ibn Sina mnamo mwaka 1242, naye alikuwa bado kijana. Alimheshimu mwenye kitabu, lakini heshima haikumziba macho. Akaandika kuwa ukuta ule ni mnene na hauna tundu lolote, la kuonekana wala la kufichikana. Basi damu haina budi kutoka upande wa kulia, iende mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha irudi upande wa kushoto. Akaongeza kuwa moyo hupata chakula chake kwa mishipa iliyomo katika mwili wake wenyewe.

Hakuyamaliza yote. Ilipofika mwaka 1628, Mwingereza William Harvey alionyesha kuwa damu huzunguka mwili mzima, na katika hoja zake kubwa ilikuwa ni hii milango, ambayo matabibu huiita vali. Moyo una vali 4. Mbili ziko kati ya vyumba vya juu na vya chini, na mbili ziko katika njia za kutokea damu, moja ya kwendea mapafuni na moja ya kwendea mwilini. Kila moja hufunguka upande mmoja tu, damu ipite isirudi. Moyo ubanapo, milango ya kati hujifunga na ya kutokea hufunguka. Ulegeapo, huwa kinyume chake. Zile sauti mbili anazozisikia daktari kifuani ni sauti za milango hiyo ikijifunga. Hivyo ndivyo moyo ufanyavyo mara 100,000 hivi kwa siku, tukilala na tukiamka.

Kitabu cha Ibn Nafis kilifunikwa na vumbi kwa karne nyingi. Mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyiddin At-Tatawi, alikikuta nuskha yake Berlin, na ulimwengu ukajua kuwa neno lile la mapafu lilikwisha semwa Kairo zamani.

Alifariki mwaka 687 Hijria, yaani 1288. Katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kidogo kwa dawa, akakataa, asipende kukutana na Mola wake na ulevi tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake vyote akaviweka wakfu kwa hospitali ya Sultani Qalawun, iliyokuwa ikimpokea tajiri na maskini.

Turudi Bomet. Maradhi ya mtoto yule yalianza kwa kuumwa koo. Vidudu vya koo visipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huviumiza viungo, kisha viungo hupoa, na vali hubaki na makovu. Mlango wenye makovu haufunguki sawasawa wala haufungiki. Na koo lile lingaliweza kutibiwa kwa penisilini, dawa isiyo ghali, kabla ya kufika kisu. Basi mzee amwonaye mtoto wake ana koo na homa, au viungo vyamvimba kimoja baada ya kimoja, amkimbize kwa daktari. Dua ni ibada yetu, lakini haikuwekwa iwe badala ya dawa.

Na jambo la pili latupasa kuliona haya. Tenwek ilianzishwa na wamisionari mwaka 1937, na leo watoto wa dini zote hupasuliwa moyo hapo. Twawashukuru. Lakini sisi, warithi wa mtu aliyetoa nyumba yake na vitabu vyake kwa ajili ya wagonjwa, wakfu zetu ziko wapi? Mtoto wa jamaa zetu angali akingoja zamu yake ya kupasuliwa. Tumwombee, kisha tutie mkono mfukoni.