Tippu Tip, Stanley na baruti isiyofika

Akitajwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, wengi wetu hukumbuka pembe za ndovu na watumwa. Ni haki, kwani biashara ile iliangamiza vijiji na doa lake halifutiki. Lakini maisha yake yana kisa cha mkataba ambacho wafanyabiashara wetu wa Pwani wafaa kukijua.

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Alianza kwa kukopa nguo na shanga kwa matajiri wa mjini, kisha akawa mteja mkubwa wa Taria Topan. Bidhaa zilitangulia, malipo yalikuja kwa pembe zikifika Unguja. Hatari ya njiani ilikuwa juu yake. Safari moja ilimchukua takriban miaka 12, akarudi 1882.

Februari 1887, Henry Morton Stanley alifika Unguja akielekea kumwokoa Emin Pasha, karibu na Ziwa Albert. Alihitaji wapagazi. Wakaandikiana mkataba kwa balozi wa Uingereza: Tippu Tip alete wapagazi wenye bunduki zao, nao upande wa Stanley utoe baruti. Hesabu ya Stanley ilikuwa watu 600. Wakapanda meli moja, wakazunguka kusini mwa Afrika hadi mto Kongo.

Huko mambo yakaharibika. Meli za mtoni hazikutosha, baruti ikaachwa nyuma. Tippu Tip alifika Stanley Falls, alikowekwa liwali na Mfalme Leopold, bila ya baruti aliyoahidiwa. Wapagazi wakachelewa hadi Juni 1888, tena hawakutimia 600. Wakati huo, watu walioachwa na Stanley kambini Yambuya walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi.

Stanley akamtupia lawama Tippu Tip. Ikafunguliwa kesi Unguja ya kumdai pauni 10,000. Mzee akarudi pwani kujitetea, lakini kesi ile iliachwa njiani. Akabaki Unguja, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na akafariki Juni 1905.

Ndugu zangu, sisemi Tippu Tip hakukosea. Watu walikufa wakingoja wapagazi wake. Lakini anayedai mzigo umechelewa, kwanza aulizwe: je, wewe ulitimiza lako? Leo kijana wetu anapeleka maembe au samaki Ghuba kwa maneno ya simu tu. Mzigo ukioza bandarini, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Dini yetu imetuamrisha kuandikiana madeni. Basi tuandike kikamilifu: nani anatangulia kutoa nini, mzigo unakabidhiwa wapi, nauli ni ya nani, na hasara ya njiani inaanza kuwa ya mnunuzi wapi. Tena tuandike itakuwaje upande mmoja ukikwama. Baruti ikikosekana, wapagazi nao watakosekana.