Allidina Visram: Mkono Uliofumba na Mkono Uliokunjua

Mtu wa pwani akipanda Eldoret kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili. La kwanza ni baridi, maana mji huo umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shuka la Mombasa halimfai kitu usiku. La pili ni fedha. Eldoret ni mji wa mahindi, ngano na maziwa, na tena ni mji wa wakimbiaji. Vijana wa vilima vya jirani huondoka na viatu vya mbio mkobani, wakaenda kushindana ng'ambo, na wengine wao wakarudi na fedha ambazo baba zao hawakupata kuziota.

Hapo ndipo swali linapozuka. Miguu ya mkimbiaji haimpi miaka mingi. Alichokichuma akiwa na miaka 25 ndicho kitakachomtunza akiwa na miaka 60. Je, akifungie, asimguse mtu wala yeye mwenyewe asikionje? Au akikunjue kwa jamaa, marafiki na starehe, mpaka buyu la asali likauke? Bwana Kipchoge Keino, aliyepata dhahabu Mexico mwaka 1968 na Munich mwaka 1972, alilijibu kwa njia yake. Yeye na mkewe walichukua mayatima wakawalea katika shamba lao karibu na Eldoret, na baadaye wakajenga shule.

Swali hili si la Eldoret peke yake. Sisi wa mwambao tunalijua vizuri. Nani hajaona harusi ya siku tatu iliyofuatwa na deni la miaka mitatu? Na nani hajasikia habari za tajiri aliyekufa na sanduku lake, watoto wake wakalivunja kabla matanga hayajaondoka? Kwa hiyo leo tumkumbuke mtu mmoja ambaye alianza kulijibu kabla mji wa Eldoret haujapewa hata jina lake, naye alianzia hapa hapa kwenye ufuko wetu. Mtu huyo ni marehemu Allidina Visram.

KIJANA WA BAGAMOYO

Wakazi wengi wa Mombasa wanalijua jina hilo kwa sababu ya shule. Wachache ndio wanaomjua mwenye jina. Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kachi huko Bara Hindi, katika jamaa ya Khoja Ismailia. Alivuka bahari kwa jahazi angali mtoto, akashukia mwambao wa Afrika Mashariki mikono mitupu, kama walivyoshuka wengi wa Wahindi wa zama hizo.

Alipata kazi Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka hapo na merikani, kaniki, shanga na masango, ikaenda Tabora na Ujiji, ikarudi na pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya mali hiyo haikubebwa na gari wala punda. Ilibebwa mabegani na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, kwa safari ya miezi. Yeyote atakayehesabu utajiri wa wafanyabiashara wa enzi ile na aanze hesabu yake kwenye mabega hayo.

Mtu aliyemfunza Allidina kazi alikuwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, ambaye mwaka 1871 alimpatia Stanley wapagazi wa kwenda kumtafuta Livingstone. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mkali wa hesabu. Lakini mtu huyo huyo alitoa fedha zake kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam, akatoa jumba la shule Bagamoyo akitaka lipokee watoto bila kuangalia asili zao, na akawakumbuka wenye ukoma katika wasia wake. Hospitali yake ilihudumia watu mpaka huduma zilipohamishiwa Muhimbili katika miaka ya 1950, na huko jina la Sewa Haji likapewa jengo la wagonjwa.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Allidina, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa amekwisha kujitegemea na kufungua matawi Dar es Salaam, Sadani na hata Ujiji, alishika nafasi yake katika biashara ya misafara. Hata hivyo urithi mkubwa aliouchukua kwake haukuwa wa bidhaa. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mtu anaweza kuihesabu pesa moja moja asubuhi, na jioni akatoa rupia elfu bila mkono kutetemeka, ikiwa anajua anazitolea nini.

MADUKA KANDO YA RELI

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Kufika mwisho wa mwaka 1901 reli ilikuwa imegusa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Watu wote hao walihitaji unga, mchele, dengu, chumvi na nguo. Wafanyabiashara wengine waliona nyika, simba na homa. Allidina aliona wateja.

Akafuata reli. Kila ilipopiga hatua, naye alipeleka duka. Kisha akaipita. Reli ikiwa bado njiani, misafara yake ilikuwa imekwisha kufika Uganda na duka lake limefunguliwa Kampala, katika nchi ambayo watu walikuwa bado wakinunua vitu kwa kauri. Duka la namna hiyo lilikuwa kibanda cha mabati. Mbele kulikuwa na meza ya kuuzia, nyuma kuna gunia na kitanda cha mwenye kuuza. Faida ilikuwa ndogo kwa kila kitu kimoja: kibaba cha chumvi, mkono wa nguo, kipande cha sabuni. Lakini duka halikuuza tu. Lilinunua pia pembe, ngozi, nta, ufuta, na baadaye pamba, ambayo watu wa Uganda walianza kuilima kwa ajili ya soko tangu mwaka 1904. Kwa njia hiyo bidhaa ya kwenda bara haikurudi pwani mikono mitupu.

Hapa ndipo ubanaji wake unapoonekana. Faida ya duka moja haikuliwa. Ilizaa duka la pili. Faida ya maduka ilizaa kinu cha mafuta, kinu kikazaa mtambo wa kuchambulia pamba, mtambo ukazaa mashamba. Waliomjua walimweleza kuwa mtu wa maisha ya kawaida, asiye na makuu, ingawa maduka yake yalihesabiwa kwa makumi na watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda wote alipokuwa hai, mali ya Allidina ilikuwa na daftari.

ALICHOKIBANA NA ALICHOKITOA

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya mtu hodari wa kuchuma, na watu wa namna hiyo ni wengi. Tofauti yake ni mahali alipofungua mkono.

Kwanza alifungua kwa watu. Kijana aliyetoka Bara Hindi bila ndugu wala mtaji aliweza kupata kazi katika duka lake, akajifunza lugha na bei, kisha akapewa bidhaa kwa mkopo aende akafungue kibanda chake mahali pengine. Mtu bakhili angeogopa kumlea mshindani wake. Allidina alijua kwamba duka la mwanafunzi wake litanunua mali kutoka ghala lake. Lakini pia alijua kijana mwenye njaa ugenini ni nani, maana aliwahi kuwa yeye.

Pili alitoa kwa mambo ya jamii. Alisaidia nyumba za ibada za jamaa zake wa Ismailia, kama ilivyotazamiwa. Lakini hakukomea mlangoni kwao. Alichangia hospitali, na alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe huko Kampala, ingawa yeye hakuwa Mkristo. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza alitoa kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Wako watakaosema kwamba mfanyabiashara hutoa ili apendwe na wakubwa. Huenda. Lakini mgonjwa anapopata kitanda haulizi nia ya aliyekinunua. Nia anaihesabu Mwenyezi Mungu.

Dini yetu imekwisha kutuonyesha njia ya katikati baina ya israfu na ubakhili. Tatizo letu ni kwamba wengi tunadhani katikati maana yake ni kutoa kidogo kidogo kwa kila kitu: kidogo kwa starehe, kidogo kwa shule, kidogo kwa fahari, kidogo kwa masikini. Maisha ya Allidina yanafundisha namna nyingine. Alibana sana mahali pasipokuwa na maana kwake, ili aweze kuachia sana mahali penye maana. Mikono yote miwili ilifanya kazi kwa nguvu, mmoja ukifumba na mmoja ukikunjua.

NJIA YA ELDORET

Allidina Visram alifariki mwaka 1916. Mwaka huo Eldoret ilikuwa bado kijiji cha mabati. Makaburu walikuwa wamefika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe, na mji ukaota katika kiwanja kilichokuwa shamba namba 64. Kwa nambari hiyo ya Kiingereza wenyeji waliuita Sisibo, na jina hilo lilidumu midomoni hata baada ya serikali kuuita Eldoret mwaka 1912. Mali yote ya mji ilishushwa kwenye stesheni ya Londiani, ikapandishwa kwa magari ya ng'ombe katika njia ya matope. Reli yenyewe ilifika mwaka 1924.

Allidina hakuishi kuiona siku hiyo. Lakini namna yake ya biashara ilifika. Duka la mabati, mwenye duka analala nyuma, anauza chumvi na blanketi, ananunua ngozi na mahindi, anaandika deni katika daftari: ndivyo miji mingi ya bara ilivyoanza, na Eldoret ni mmoja wao. Kutoka mji wa vibanda hivyo limetokea jiji, maana mwaka 2024 Eldoret ilipewa hadhi hiyo rasmi. Na kijana wa leo anayesimamisha jumba la ghorofa mjini humo kwa fedha za mbio anasimama mbele ya swali lile lile alilokuwa nalo mwenye kibanda: faida hii izae nini?

KILICHOBAKI

Sasa tuone mwisho wa hesabu. Allidina alipofariki, biashara ilimwangukia mwanawe, Abdulrasul. Mtoto huyo alifanya jambo moja kubwa: alitoa fedha ijengwe shule Mombasa kwa ukumbusho wa baba yake. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1923. Mwaka huo huo Abdulrasul naye akafariki. Muda si muda ile biashara kubwa iliyoanzia Bagamoyo na kufika Uganda ikaporomoka. Ilikuwa imesimama juu ya akili na jina la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwapo tena. Maduka yakafungwa au yakaingia mikononi mwa wengine, na mashamba na vinu vikapata wenyewe wapya.

Usemi wetu ni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Allidina kilijaa hata kikafurika, na bado kilimwagika katika muda wa miaka michache. Kilichobaki ni kile alichokitoa yeye na kile kilichotolewa kwa ajili yake.

Haki ielezwe yote. Shule ile, kama shule nyingine za wakati wa ukoloni, iliwekwa kwa ajili ya watoto wa rangi moja, nao walikuwa Wahindi. Mtoto wa Kiswahili au wa Kimijikenda aliipita njiani akiitazama kuta zake, na huenda babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba mzigo wa merikani. Katika jambo hilo Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyetaka shule yake ipokee watoto wa kila asili, aliona mbali zaidi. Ilibidi Uhuru wa mwaka 1963 uje ndipo milango ya shule za Mombasa ifunguke kwa wote. Tangu hapo maelfu ya vijana wa pwani, Waislamu na wasio Waislamu, wamepita katika madarasa ya Allidina Visram, wakatoka na vyeti vyao wakaenda kutafuta riziki, wengine huko huko bara.

Sadaka yenye kuendelea ina sifa hiyo: huweza kuwafikia hata wale ambao mtoaji hakuwafikiria. Fedha iliyofungiwa haiwezi. Ina mlango mmoja tu, nao hufunguliwa na warithi.

Basi kwa mwenye duka la Eldoret, mkimbiaji aliyerudi na zawadi yake, na mzazi wa Mombasa anayepanga harusi ya binti yake, daftari la Allidina lina safu mbili za kuigwa. Katika ya kwanza andika yale ambayo ukiyakosa hutapungukiwa na kitu, kisha uyabane bila huruma. Katika ya pili andika jambo moja au mawili ambayo ungependa yawepo wewe ukiwa haupo. Hayo usiyabanie.