William Seymour: Mwana wa watumwa aliyeuwasha moto wa Pentekoste

MWAKA wa 1905, mjini Houston katika jimbo la Texas nchini Marekani, mhubiri mmoja Mweusi alikuwa akifika katika shule ya Biblia na kuketi ushorobani, nje ya darasa. Sheria na desturi za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuchangamana na wanafunzi Wazungu, hivyo mlango uliachwa wazi kidogo ili ayasikie mafunzo akiwa kando.

Jina lake lilikuwa William Joseph Seymour. Kabla ya mwaka mmoja kupita, mtu huyo aliyenyimwa kiti alikuwa akiongoza ibada ambapo Weusi na Wazungu walipiga magoti bega kwa bega, na kutoka hapo kunena kwa lugha kukaenea hadi pembe nyingi za dunia. Leo hii Wapentekoste na Wakristo wengine wanaotilia mkazo karama za Roho Mtakatifu wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 500, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia jina lake.

Seymour alizaliwa Mei 2, 1870, mjini Centerville, jimbo la Louisiana. Wazazi wake, Simon na Phillis, walikuwa wameonja utumwa, na babake alikuwa mwanajeshi wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoukomesha utumwa huo. Mtoto huyo alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akakulia katika ufukara.

Katika miaka ya 1890 aliondoka Kusini kwenda kutafuta riziki. Aliwahudumia wateja mikahawani mjini Indianapolis, kisha akahamia Cincinnati. Huko ndiko alikougua ndui iliyompofusha jicho la kushoto. Alipopona, aliamua kuyatoa maisha yake kwa kazi ya kuhubiri.

Mafunzo ya mlangoni

Mjini Houston, mchungaji mwanamke Mweusi, Lucy Farrow, ndiye aliyemkutanisha na Charles Parham, Mzungu aliyeendesha shule hiyo ya Biblia. Parham alifundisha kwamba muumini akibatizwa kwa Roho Mtakatifu, ishara ya kwanza ni kunena kwa lugha, jinsi ilivyowatokea mitume siku ya Pentekoste. Aliamini pia kwamba lugha hizo ni za mataifa halisi, na kuwa wamishonari wangezitumia ughaibuni bila kuhitaji kujifunza.

Seymour aliyakubali mafundisho hayo ingawa yeye mwenyewe hakuwa amenena kwa lugha. Mapema mwaka wa 1906 alialikwa kulihudumia kanisa dogo la Weusi jijini Los Angeles, jimbo la California, akafika huko mwezi wa Februari. Alihubiri kuhusu sura ya pili ya Matendo ya Mitume. Baada ya siku chache alirudi kanisani na kukuta mlango umefungwa kwa kufuli. Kiongozi wa kanisa hilo, Julia Hutchins, hakuridhishwa na mafundisho yake.

Mgeni huyo asiye na nauli ya kurudi alikotoka alipewa hifadhi na Edward Lee, mtu wa kipato kidogo. Wakaanza kukutana kwa maombi, baadaye katika nyumba ya Richard na Ruth Asberry, barabara ya Bonnie Brae. Waliohudhuria wengi walikuwa watumishi wa nyumbani, mayaya na madobi. Aprili 9, 1906, Lee alinena kwa lugha, na jioni hiyo wengine kadhaa wakafuata, akiwemo Jennie Evans Moore, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Seymour. Seymour mwenyewe alisubiri siku tatu zaidi ndipo naye akanena.

Umati ulipozidi, walikodi jengo kuukuu katika nambari 312, barabara ya Azusa. Lilikuwa limewahi kuwa kanisa, kisha ghala na zizi. Waliondoa takataka, wakatandaza vumbi la mbao sakafuni na kulaza mbao juu ya mapipa ya misumari ziwe viti. Mimbari ilikuwa makreti mawili ya viatu yaliyopandanishwa, na mara nyingi Seymour aliketi nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa ndani, akiomba kimya kimya huku wengine wakiimba, wakishuhudia au kuwaombea wagonjwa. Sadaka iliwekwa katika kisanduku karibu na mlango.

Magazeti ya jiji yaliwakejeli. Ripoti ya kwanza, iliyojaa dhihaka, ilichapishwa Aprili 18, siku ile ile tetemeko kubwa la ardhi lilipouangamiza mji wa San Francisco. Kejeli hizo zilizidisha wageni. Kwa takriban miaka mitatu ibada zilifanyika kila siku, mara nyingi kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane.

Hata hivyo, jambo lililowashangaza wengi zaidi ya lugha zenyewe lilikuwa watu waliokutana hapo. Weusi, Wazungu, wenyeji wa asili ya Meksiko na Waasia waliabudu pamoja, na wanawake wakahubiri na kuketi katika baraza la uongozi. Haya yalitokea wakati ambapo Weusi walikuwa wakiuawa na magenge ya Wazungu katika majimbo ya Kusini.

Walioingia, walioondoka

Parham alipowasili Oktoba 1906 kumtembelea mwanafunzi wake, alichukizwa na mchanganyiko huo wa rangi pamoja na namna ya ibada, akaukemea hadharani. Viongozi wa Azusa walimkataa, naye akaanzisha mikutano ya upinzani karibu nao.

Wakati huo wajumbe walikuwa wameanza kutoka Azusa kuelekea mataifa mengine. Farrow alikwenda Liberia. Alfred Garr na mkewe Lillian walifika Calcutta, India, wakitarajia kuwahubiria wenyeji kwa lugha walizopewa, lakini hawakueleweka. Pole pole Wapentekoste wengi waliacha imani kwamba karama hiyo ingechukua nafasi ya kujifunza lugha, wakaiona zaidi kama lugha ya maombi na sifa.

Seymour naye alizidi kutafakari. Kadiri alivyoona watu wakinena kwa lugha na bado wakidharauliana, ndivyo alivyosisitiza kwamba ushahidi mkuu wa Roho ni upendo. Hakuikana karama ya lugha. Alikataa tu kuifanya kipimo pekee, akishikilia kuwa anayenena huku amejaa hasira na masengenyo hana alichojivunia.

Majaribu yake hayakuisha. Mei 1908 alimwoa Jennie Moore. Baada ya hapo Clara Lum, mhariri wa gazeti la kanisa hilo, alihamia Portland na orodha za anwani za wasomaji. Gazeti hilo lilikuwa limefikia nakala 50,000 kwa toleo, na kulipoteza kulimtenga Seymour na wafuasi wake duniani. Mnamo 1911, mhubiri William Durham, aliyekuwa amealikwa Azusa, aligeuza mafundisho ya kanisa na kuondoka na waumini wengi.

Mwaka wa 1914 Wapentekoste wengi Wazungu waliunda Assemblies of God, na katika miaka iliyofuata vuguvugu hilo likagawanyika zaidi kwa misingi ya rangi. Mwaka wa 1915 Seymour, aliyekuwa amewafungulia wote mlango, alichapisha kanuni zilizoweka nyadhifa za juu mikononi mwa Weusi ili kuepusha migawanyiko zaidi. Hatua hiyo yaonyesha jinsi alivyokuwa ameumizwa.

Aliaga dunia Septemba 28, 1922, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 52 na akiongoza kundi dogo. Jengo la Azusa lilibomolewa mwaka wa 1931.

Nchini Kenya, wamishonari Wapentekoste walijenga kituo Nyang'ori katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1927, katika misheni ya Quaker ya Kaimosi, waumini waliungama dhambi na kunena kwa lugha. Hatimaye walitengwa na wenzao na kuanzisha makanisa yao. Nao pia walikuta mlango wa kanisa umefungwa.

Siku hizi mabango ya mikutano ya injili yametanda mijini yakitangaza karama za uponyaji na unabii, na wahubiri hupimwa kwa ukubwa wa miujiza wanayodai kutenda. Seymour, aliyeziona karama hizo kwa wingi kuliko wengi wetu, alitumia kipimo kingine: namna waumini wanavyotendeana ibada inapokwisha, na kama yule wa ushorobani amekaribishwa ndani.