Maisha ya Watu Wakubwa: Gandhi, Mutu wa Kukataa

Mara hii tunawaletea maisha ya Mohandas Gandhi. Wengi wetu tunamujua kama muzee mwembamba mwenye kuvaa shuka nyeupe. Lakini vita vyake havikuanzia India. Vilianzia huku Afrika, juu ya sheria za wageni.

Alizaliwa Porbandar, India, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisoma sheria London, akarudi kwao, lakini kazi ya avoka haikumuendea vizuri. Mwaka 1893 wafanyabiashara Wahindi walimuita Afrika ya Kusini kwa kesi yao. Hakumaliza hata mwezi, akatupwa inje ya treni huko Pietermaritzburg. Tiketi ya klasi ya kwanza alikuwa nayo, ila ngozi yake haikukubaliwa.

Wahindi wengi walikuwa Natal. Wazungu waliwaleta kwa kazi ya miwa, kisha mukataba ukiisha hawakutaka wabakie. Mwaka 1895 Natal ikatunga kodi ya pauni 3 kwa mwaka juu ya wale waliomaliza mukataba. Mwaka 1897 sheria nyingine: mugeni asiyejua kuandika luga ya Ulaya, hapana kuingia. Transvaal nayo, mwaka 1907, ikaamuru wanaume Wahindi na Wachina watoe alama za vidole kumi kama wezi, wapewe karatasi, na polisi aweze kuiomba popote.

Wafanye nini basi? Kura hawakuwa nayo, bunduki hawakuitaka. Mwaka 1905 wafanyabiashara wa Shanghai walikataa kununua vitu vya Marekani, sababu sheria ya Marekani ilifungia Wachina mulango. Huko Transvaal, Gandhi na wenzake wakashika njia iliyo jirani na ile: wakakataa karatasi. Vijana walisimama karibu na biro, wakaomba watu kwa upole wasiingie. Kati ya watu 13 000 hivi, walioandikwa walikuwa kama 500 tu. Januari 1908 Gandhi akafungwa, pamoja na Leung Quinn, mukubwa wa Wachina.

Lakini biashara ni upanga wenye makali kuwili. Matajiri Wazungu walimudai Ahmed Cachalia, mwenye magazini. Wakamuambia aache mambo haya, ao alipe deni lote mara moja. Cachalia akawaachia magazini. Deni likalipwa lote, yeye akabaki mukono mutupu, na karatasi hakuchukua.

Gandhi alipopatana na serikali kwamba watu waandikwe kwa kupenda kwao, Wahindi wengine walimuona kama musaliti. Tarehe 10 Februari 1908 wakamupiga njiani mpaka akazimia. Pasta Joseph Doke, Mubatisti, alimupeleka kwake na kumuuguza, kisha mwaka 1909 akatoa kitabu cha kwanza juu ya maisha yake. Serikali haikufuta sheria ile. Basi mwezi wa Agosti 1908 karatasi zaidi ya 2 000 zikachomwa moto mbele ya musikiti wa Johannesburg.

Mwaka 1913 Kasturba, bibi yake, alivuka mupaka wa Transvaal bila ruhusa, akafungwa miezi 3. Wachimba makaa wakagoma, na watu zaidi ya 2 000 wakavuka kwa miguu. Mwaka 1914 kodi ya pauni 3 ikaondolewa. Mulango wa wageni haukufunguliwa.

Kule India, Gandhi alirudia somo lile katika soko. Mwaka 1921 alichoma nguo za Ulaya huko Bombay, akaomba kila mutu asokote uzi wake. Mwaka 1930 akatembea mpaka bahari kukataa kodi ya chumvi. Mwaka 1931 alifika Lancashire, Uingereza, kwenye usini za nguo. Wafanyakazi wengi walikuwa bila kazi, na kukataa kwa Wahindi kulikuwa sababu moja. Hakukimbia macho yao. Aliwaeleza umaskini wa India, nao wakamupokea vizuri.

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Tarehe 30 Januari 1948 Muhindu mwenzake akamuua kwa risasi.

Hapa sisi Waafrika tuseme kweli yote. Afrika ya Kusini Gandhi alipigania Wahindi. Weusi, ambao sheria za pasi ziliwakandamiza kuliko wote, hakuwapigania, na katika maandiko yake ya ujana aliwadharau. Kwa hiyo mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Universite ya Ghana. Hatufichi jambo hili. Biblia nayo haifichi zambi ya Daudi.

Basi tujifunze nini? Musipofikiri kukataa ni kazi nyepesi. Yule anayekataa kununua ao kuandikwa, alipe yeye kwanza, kama Cachalia. Tena akubali kumuangalia machoni mutu anayeumia upande wa pili. Na anayedai haki ya wageni wa kabila lake aulize pia: mutu aliye jirani, chini yangu, nani anamudaia?