Joginder Singh: Fundi aliyejua gari linavunjikia wapi

Tuseme umepata gari. Subaru kuukuu au Lancer ya mtumba iliyoshuka hapo Kilindini, sasa limeegeshwa mbele ya gereji huko Changamwe. Mfukoni una pesa kidogo za kulitengeneza liwe moto. Utaanzia wapi?

Wengi wetu tunalijua jibu. Ekzosi kubwa kwanza, ili Magongo nzima wajue umefika. Halafu turbo. Halafu springi zikatwe gari likae chini, rimu pana zifuate. Breki? Tutaona mwezi ujao.

Kabla hujampa fundi hizo pesa, nipe dakika chache nikusimulie habari za makanika mmoja Mkenya aliyeshinda mbio ngumu za magari mara tatu. Jina lake Joginder Singh Bhachu. Kama ulizaliwa juzi juzi huenda hujawahi kumsikia, lakini muulize babu yako wa Miritini au Likoni. Enzi hizo Safari Rally ilikuwa ikishuka mpaka Mombasa, na magari yakija kutoka bara yalipita Taru na Mazeras kabla ya kuingia mjini. Mzee hatakosa la kukwambia kuhusu Kalasinga yule wa kilemba.

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake alitoka Punjab kule India, na kama unavyojua, Wapunjabi wengi wa miaka ile walishukia bandari hii yetu kisha wakapanda treni kwenda bara. Mzee alikuwa mtu wa gereji. Joginder ndiye kifungua mimba katika nyumba iliyojaa watoto, na spana alizishika mapema. Kwa hivyo usimfikirie kama tajiri aliyenunuliwa gari la mashindano akakalia usukani. Huyu alianza chini ya gari, mgongo sakafuni, mafuta machafu yakimdondokea usoni.

Kisha akapata kazi moja ambayo, kwangu mimi, ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 50 alikuwa askari doria wa kwanza wa Royal East African Automobile Association, chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Usimchanganye na askari wa trafiki. Kazi ya doria ilikuwa kuzunguka barabarani, ukikuta mwanachama amekwama, unashuka na vifaa vyako unamkwamua.

Hebu fikiri kazi kama hiyo inakufunza nini. Gereji unaletewa gari limevutwa, limepoa, na mwenyewe ashasahau lilianza vipi. Barabarani unalikuta pale pale lilipofia. Hapa springi imekatika baada ya shimo. Pale jiwe limetoboa sampu na oili yote imebaki njiani. Kwingine rejeta inachemka, waya umelegezwa na mitikisiko, vumbi limeziba kabureta. Ukifanya hivyo siku nenda siku rudi, unajua gari linavunjikia wapi hata kabla halijavunjika.

Sasa twende kwenye mbio zenyewe. Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, safari ya karibu kilomita 5,000, kwenye barabara zile zile zinazotumiwa na malori, mabasi na ng'ombe. Ilifanyika wakati wa Pasaka, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa Pasaka inaangukia msimu gani. Masika. Vumbi asubuhi, matope ya kufika magotini jioni.

Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyorudi yalikuwa saba. Si sabini, ni saba! Yale mengine 77 hayakukosa nguvu. Mengi yalivunjika, yakazama, yakakwama, yakaachwa.

Joginder aliingia Safari mara ya kwanza mwaka wa 1959. Ushindi ulikuja 1965, miaka miwili tu baada ya Kenya kujitawala. Msoma ramani wake alikuwa mdogo wake, Jaswant. Gari lenyewe lilikuwa Volvo PV544, na hapa ndo nataka utulie kidogo.

PV544 ukiiona leo utacheka. Mgongo wa mviringo kama kobe, umbo la magari ya miaka ya 40. Mwaka ule ule wa 1965 kiwanda kiliacha kuiunda kabisa. Tena ya Joginder haikuwa mpya. Ilikuwa mtumba, gari ambalo tayari lilikuwa limetumikishwa mashindanoni na timu ya Volvo. Ndugu hawa wawili walilichukua gari ambalo wakubwa walikuwa wamemalizana nalo, wakalitayarisha, wakawashinda watu waliokuja na magari mapya na timu za viwanda nyuma yao. Mchezo uliokuwa umeanza kama burudani ya masetla, ukachukuliwa na makanika wawili Makalasinga. Ulimwengu wa mbio ukampa jina la Kalasinga Anayepaa.

Aliwezaje? Tuache hadithi kidogo tuingie chini ya boneti, manake hapa ndipo penye funzo lako.

Injini ni pampu ya hewa. Ikivuta hewa nyingi na ikapata mafuta ya kuitosha hewa hiyo, inatoa nguvu nyingi. Enzi za Joginder fundi alitafuta nguvu kwa kuongeza kabureta, kupanua njia za hewa kwenye silinda hedi na kubadilisha kemshafti ili valvu zifunguke kwa muda mrefu zaidi. Wewe leo unafunga turbo, ambayo inazungushwa na moshi unaotoka ili isukume hewa ndani kwa nguvu. Njia tofauti, kazi ile ile.

Lakini kila nguvu unayoongeza inakuja na joto lake. Joto hilo linataka rejeta safi, oili nzuri na gasketi nzima. Na wewe unaendesha Mombasa, si Limuru. Hapa saa nane mchana, kwenye foleni ya feri ya Likoni, hata gari ambalo halijaguswa linahema. Ukiongeza nguvu bila kuongeza njia ya kupoza, unajichimbia kaburi la injini mwenyewe.

La pili ni kushika barabara. Gari lote linagusa lami kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kiasi cha kiganja chako. Nguvu zote ulizonunua lazima zipitie hapo. Tairi likiruka hewani, hata kwa nukta moja, halisukumi chochote. Linazunguka bure, kisha likitua linatua kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachovunja ekseli na difu.

Ndo maana magari ya Safari yalikaa juu, springi ndefu na shokabsoba imara, ili tairi lishuke na shimo na lipande na tuta bila kuachana na ardhi. Sasa ukikata springi ili gari lipendeze, unafanya kinyume. Springi fupi inafika mwisho haraka, gari linagonga chini, tairi linadunda. Kwenye lami laini unaweza usihisi kitu. Lakini pita pale ambapo malori ya makontena yamechimba mifereji barabarani, halafu mvua iwe imenyesha, ndo utajua kama unaendesha gari au unaendeshwa.

Na hizo rimu pana nazo zina mahali pake. Lami kavu, sawa. Matopeni tairi jembamba mara nyingi linakata tope likafika kwenye udongo mgumu, ilhali pana linaelea juu kama dau. Hakuna tairi la kila mahali. Kuna tairi la barabara unayopita.

Turudi kwa Joginder. Mwaka wa 1974 Safari ilikuwa tayari ni sehemu ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Miaka miwili nyuma, 1972, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda, na sasa viwanda vya Ulaya vilikuja na pesa na madereva wao bora. Björn Waldegård wa Sweden alikuja na Porsche 911, silinda sita. Joginder, akiwa na David Doig kando yake, alikuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Silinda nne, lita 1.6, kampuni ambayo watu wengi Ulaya hawakuwa wakiihesabu.

Mvua ikanyesha. Matope yakawa matope. Mwishowe Lancer ikaja ya kwanza, Porsche ikaja ya pili. Huo ndio uliokuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia wa rally. Sasa we unayeweka picha ya Lancer Evolution kwenye simu yako, jua kwamba jina hilo lilianza kuheshimiwa duniani kwenye tope la Kenya, likiwa mikononi mwa fundi wa Kenya.

Mwaka wa 1976 akarudia. Lancer tena, Doig tena. Safari hii Mitsubishi zilichukua nafasi zote tatu za mbele, yeye akiwa wa kwanza. Alikuwa na miaka 44, na hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameshinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo baadaye ilipitwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala aliyeishi Kenya, aliyefikisha mara tano.

Lakini mimi sikuandika haya kwa sababu ya vikombe vitatu. Kuna hesabu nyingine inayonifanya nivue kofia. Joginder aliingia Safari mara 22. Alimaliza mara 19. Kumbuka ule mwaka wa magari 84 na saba, halafu urudie kusoma: 22, akamaliza 19. Hiyo huwezi kuiita bahati. Bahati haidumu miaka ishirini.

Hayo ni matunda ya mtu aliyekuwa dereva na fundi katika mwili mmoja. Akisikia mlio usio wa kawaida nyuma kushoto, anajua ni nini na kitavumilia kilomita ngapi. Anajua lini akanyage mafuta na lini amwache mwenzake apite aende akavunjike mbele. Watu wengi wana kasi. Wenye kasi na wanaosikia gari linavyolia ni wachache.

Alistaafu mwaka wa 1980. Miaka yake ya mwisho aliishi London, na huko ndiko alikofariki tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Hapa kwetu magazeti yaliandika, wazee wakahuzunika, kisha maisha yakaendelea. Safari yenyewe ilikuwa imetoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002. Iliporudi 2021, ilirudi Naivasha, na vijana wengi walioenda kuitazama hawakuwahi kulisikia jina lake.

Basi, turudi kwenye lile gari lako pale Changamwe. Pesa bado iko mfukoni. Ukiwaza kama askari doria yule, hutaanza na kelele. Utauliza kwanza: hili gari likifa leo usiku barabara ya Malindi, litafia wapi? Breki, kwanza, manake gari lenye nguvu mpya na breki za zamani ni jeneza lenye magurudumu, na Kisauni tumezika vijana wa kutosha. Halafu matairi yenye meno. Halafu shokabsoba, bushi na bolijointi. Halafu rejeta, feni, mipira ya maji. Ukimaliza hayo, gari lile lile, bila kuongezwa hata nguvu moja ya farasi, litakimbia kona kwa mwendo ambao jana ungeogopa.

Pesa ikibaki, nunua turbo. Na ukitaka kujua gari lako lina mbio kiasi gani, kalijaribie kwenye mashindano yenye kibali, penye uwanja, mikanda, helmeti na gari la wagonjwa linalosubiri. Si pale daraja la Nyali saa saba usiku, bodaboda anarudi nyumbani na abiria wake.

Fundi atakuona mshamba. Atakwambia wateja wengine wote wanaanza na ekzosi. Mwambie ni sawa, wao waanze na ekzosi. Wewe mwombe kwanza ainue gari, mwingie chini nyote wawili na tochi, muanze na springi.